Kishoka wa makaratasi alivyotaka kuigeuza ndoa yangu ya kweli kuwa ya kughushi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira zilizokaa kifuani miezi mingi, kwa hiyo mtanivumilia nikiruka huku na kule. Asiyependa uzi mrefu apite.

Nilikuja Marekani kusoma, kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Nikamaliza, nikapata ule mwaka mmoja wa kufanya kazi baada ya masomo wanaouita OPT, na katikati ya mwaka huo nikaoa. Mke wangu ni raia. Tulianza mwaka wangu wa pili chuoni, tukagombana, tukaachana, tukarudiana, ndoa kama ndoa nyingine yoyote. OPT ilipokaribia kuisha, kila niliyekutana naye alikuwa na neno moja tu: "Umeoa raia? Basi umemaliza!" Neno hilo ndilo lililotupeleka kwa kishoka.

Simtaji jina. Sasa nina wakili wa kweli na amenikataza, na malalamiko yameshafika yanakotakiwa kufika. Ila mtamtambua tu, maana wa aina yake hawakosekani penye wageni. Ofisi ya chumba kimoja, bendera juu ya meza, anajaza fomu za kodi, anatafsiri vyeti, anakata tiketi, na pembeni anafanya uhamiaji. Alijiita "mshauri". Mimi na shahada yangu ya uzamili nikakaa mbele yake naitikia kila kitu kama mtoto wa chekechea.

Si wakili yule. Wala hana ile idhini ya Wizara ya Sheria wanayopewa watu wasio mawakili, waliomo kwenye mashirika yanayotambuliwa, ili waweze kuwasimamia wahamiaji. Nje ya makundi hayo mawili hakuna anayeruhusiwa kukushauri kisheria uombe nini na ujibu nini. Akikusaidia, basi aandike ulichomwambia na aishie hapo. Haya niliyajua nikiwa nimeshatoa dola 1,800 za ujira wake, ukiacha ada za serikali.

Tuje kwenye hizo ada, maana ndipo alipoanza kuniharibia. Zamani aliyelipia fomu I-485, ile ya kuomba ukaazi wa kudumu ukiwa ndani ya nchi, alikuwa anapata maombi ya kibali cha kazi na cha kusafiri bila kuongeza hata senti. Ikaja tarehe 1 Aprili 2024, kila kitu kikawa na bei yake: I-485 dola 1,440, I-130 ya mke kumwombea mume dola 675 ukituma kwa karatasi, kibali cha kazi dola 260, cha kusafiri dola 630. Kishoka wangu bado alikuwa anaishi enzi za bure. "Kibali cha kazi kinakuja humo humo, usijichoshe." Kuhusu fomu ya daktari ya kupimwa afya, I-693, akasema tusubiri mpaka tuombwe. Wakati tangu tarehe 2 Desemba 2024 fomu hiyo inatakiwa iingie kwenye bahasha pamoja na I-485, na usipoiweka watu wa uhamiaji wanaweza kukurudishia mzigo wako.

Wakaurudisha. Wiki kadhaa nasubiri risiti, nakagua sanduku la barua asubuhi na jioni, siku moja nakuta bahasha nene. Nikadhani ni habari njema. Kufungua, ni karatasi zetu zile zile pamoja na barua ya kusema hazikupokelewa.

Asiyejua atasema si utume tena tu. Tulituma tena, ndiyo. Ila OPT yangu ilikuwa imeshaisha, na zile siku 60 wanazompa mwanafunzi baada yake si za kufanya kazi, ni za kujipanga kuondoka au kubadili mambo yako, nazo zikaishia kwenye hiyo safari ya bahasha kwenda na kurudi. Kibali kipya cha kazi hakiombwi hewani, kinategemea I-485 iliyopokelewa. Mwajiri alinisubiri mwezi wa kwanza, akanisubiri wa pili, wa tatu akaajiri mtu mwingine. Simlaumu.

Kilichoniokoa nisipotee kabisa ni sheria, wala si yule mtu. Mume au mke wa raia hana foleni ya kusubiri namba ya viza, yaani nafasi yake ya ukaazi, na kama uliingia nchini kwa kukaguliwa mpakani, kupitiliza muda hakukufungii mlango wa kuombea humo humo. Lakini si kila mwenye ndoa yuko hivyo! Kuna jamaa nilikutana naye pale pale ofisini kwa kishoka, akaambiwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi, neno kwa neno, akaacha shule kwa sababu "ukishaoa shule ya nini tena". Mke wake si raia, ana grini kadi, yaani ukaazi wa kudumu tu. Hilo ni kundi lingine, lina foleni yake, na ukiwa kwenye foleni hiyo unatakiwa ulinde hadhi yako ya kukaa nchini usiiachie. Yeye aliiachia. Sijui leo yuko wapi, namba yake haipatikani.

Narudi kwangu. Bahasha ya pili ikapokelewa. Kishoka aliiacha fomu ya kibali cha kusafiri, I-131, eti anatupunguzia gharama. Nilimuuliza, na namkumbuka alivyogonga gonga pasipoti yangu kwa kalamu: "Viza yako humu bado ina mwaka na nusu. Ukipata safari, nenda, utarudi nayo."

Baba yangu akafariki.

Nilikata tiketi usiku ule ule. Asubuhi, kwa bahati tu, nikapiga simu ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo nilichosoma kuuliza karatasi fulani. Mama aliyepokea akaniuliza taratibu kama I-485 yangu imeshaamuliwa. Nikasema bado. Akaniuliza kama nina kibali cha kusafiri mkononi. Nikasema nina viza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Usipande hiyo ndege." Mtu wa hali yangu akitoka nchini bila kibali hicho, ombi lake linahesabika kuwa amelitelekeza. Na ile viza niliyokuwa naitegemea ni ya mwanafunzi, mimi uanafunzi ulikuwa umeshakwisha. Ningefika kule nikazika, halafu nikabaki nje ya geti, mke wangu upande wa pili.

Upo utaratibu wa dharura wa kuomba kibali hicho ukiwa na ushahidi wa msiba. Nilijaribu. Miadi niliyopewa ilikuwa siku nne baada ya maziko. Nilimwangalia baba yangu akishushwa kaburini kwenye simu, picha inakatika katika, nimekaa sakafuni jikoni. Dola 630, wakuu. Huyo mtu alinipunguzia gharama.

Mngedhani hapo ndipo tulipoachana naye. Wala! Tulikuwa tumechoka, fedha imekwisha, tukajiambia tumalizie naye usaili wa uhamiaji tu. Akatuita tukajiandae. Akataka ushahidi wa ndoa, tukampa: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja, kodi tuliyowasilisha kwa pamoja, bima, tiketi za safari, picha zetu tangu tukiwa chuoni. Akazipitia picha, akakunja uso. Chache, anasema. Halafu, bila aibu, mbele ya mke wangu: "Jumamosi njooni na nguo za kubadilisha, seti sita saba. Nina mpiga picha. Tutawatengenezea miaka mitatu kwa siku moja." Akaongeza kwamba ana majirani wa kuandika barua za kututhibitisha. Majirani ambao hatujawahi kuwaona!

Mke wangu si mtu wa kelele. Alisimama, akakusanya zile picha moja moja, akaziweka kwenye mkoba, akatoka.

Hapo ndipo hasira yangu haijapoa hadi leo. Hasara ya fedha naielewa. Uzembe nauelewa. Lakini tuna ndoa ya kweli, na huyu anatushauri tuipake rangi ya ile ya kughushi. Kufunga ndoa kwa lengo la kukwepa sheria za uhamiaji huko ni jinai ya kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000, na ukionekana umefanya hivyo ombi lolote utakaloombewa baadaye linagonga ukuta. Ofisa anayekusaili kazi yake ni kunusa vitu hivyo. Akiwa na shaka anawatenganisha, huyu chumba hiki, yule chumba kile, maswali yale yale kwa wote wawili. Sasa niambieni, ningejibu nini kuhusu jirani nisiyemjua?

Wakili tuliyemwendea alifungua faili letu akaenda moja kwa moja kurasa za mwisho. Kuna sehemu ya mtu aliyekuandalia fomu, anaandika jina na kuweka saini. Ilikuwa tupu. Karatasi inasema nilijaza mwenyewe, makosa yote yangu. Akamuuliza mke wangu kama alielezwa uzito wa I-864, ile ya kunidhamini kwa kipato. Alikuwa ameambiwa ni "saini ya kawaida tu". Kumbe dhamana ile haifi hata tukitalikiana, inakaa mpaka niwe raia, au nihesabiwe robo mwaka 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au niondoke moja kwa moja, au mmoja wetu afe. Alisema angesaini hata hivyo. Ila alisema akiwa anamwangalia wakili, si mimi, na safari ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kimya.

Usaili wenyewe ulichukua kama dakika ishirini. Picha zetu "chache" zilitosha. Kadi ya ukaazi ikaja, ya miaka miwili na yenye masharti, kwa sababu siku ya kuidhinishwa ndoa ilikuwa haijafikisha miaka miwili, kwa hiyo ndani ya siku 90 kabla haijaisha tutatuma I-751 kuondoa masharti.

Na sababu ya kuandika leo na si jana ni hii. Sijui kazipata wapi habari, lakini asubuhi nimeamka nikakuta ujumbe wake: "Hongera ndugu yangu kwa kadi. Miaka miwili si mingi, nianze kukuandalia 751? Kwako bei ya ndugu, dola 900. Mpiga picha bado yupo."