Naomba ushauri, betri ya saa ya marehemu baba

Habari zenu wadau. Niko hapa Kisumu, nina saa ya baba, Seiko quartz ya miaka ya 70, alikuwa anaivaa kila siku mpaka mkanda ukachakaa. Mwaka jana ilisimama nikapelekea fundi mmoja pale Kibuye, akafungua akatia betri hata bila kusoma ile ya zamani ilikuwa namba gani, akanilipisha 200 basi nikaenda zangu.

Ilitembea miezi kama 4 hivi, halafu ikaanza kuchelewa, na juzi nikaona mshale wa sekunde unaruka mbili mbili. Nikafungua mwenyewe pole pole, lo! betri imetoa maji, ukutu mweupe umeshika ile chuma nyembamba inayogusa betri. Imeandikwa LR43. Nikapima kwa rula, upana karibu milimita 12, unene 4 na kidogo.

Sasa nimesoma kwamba LR ni alkalaini na volti zake zinashuka kidogo kidogo kadiri inavyoisha, lakini SR ni ya fedha, inakaa kwa 1.55 karibu mpaka mwisho. Saizi hiyo nimeona betri za SR ziko namba mbili, 301 na 386, upana sawa unene sawa, wanasema 301 ni ya saa za kawaida na 386 ni za zile zinakula moto mwingi kama za taa na kengele. Yangu ina siku na tarehe tu, so nichukue 301, ama?

Na huo ukutu nitoe na nini jameni, naogopa kukata ule waya mwembamba wa koili. Mwenye anajua duka la Kisumu ama hata Nakuru wanauza SR orijino aniambie, nitatuma mtu.