Sindano, puto au kukata tumbo kwa binti wa miaka 21: tunajuaje kama yuko tayari?

Mjomba wa Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu, matusi wekeni pembeni.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 21, anasoma chuo hapa Malimbe, Mwanza. Urefu sentimita 168, uzito kilo 127. Ukipiga hesabu, BMI (uwiano wa uzito na urefu) inatoka 45. Presha imeshaanza kupanda, sukari ya asubuhi kabla hajala iko juu kidogo ingawa bado haijaitwa kisukari, na usiku anakoroma mpaka wenzake hosteli wanamwamsha wakidhani pumzi imekata.

Kikao cha ukoo kimekaa. Shemeji kashasema: chuo kikifunga binti aende Dar akatwe tumbo apungue uzito, mimi nichangie nusu. Hela nitaitafuta. Kinachonisumbua ni kwamba kikao kizima binti hakufungua mdomo. Akaulizwa "umekubali?" akaitikia kwa kichwa, basi.

Yaliyo mezani ni manne. Kukata tumbo, ambako hakuna kurudishiwa ulichokatwa. Puto, linalopitishwa mdomoni na kujazwa maji tumboni, linakaa miezi sita au mwaka kutegemea aina, kisha linatolewa. Hospitali ya Mloganzila, Dar, wanafanya hiyo pamoja na upasuaji. Sindano za kila wiki za kupunguza uzito. La nne ni kusubiri mwaka mmoja akiwa chini ya mtaalamu wa lishe. Ningependa tulinganishe, lakini zaidi niambieni mtu anajulikanaje kwamba yuko tayari.

Zamu ya Usiku

Mimi ni nesi wadi ya upasuaji, siyo daktari, nichukulieni hivyo.

Kwa kipimo, binti anaingia. Mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka BMI 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoletwa na uzito. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vikashusha: 35 hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Hoja ya kilo imekwisha, msigombanie hapo.

Utayari ni habari nyingine. Timu inayojua kazi itamweka binti peke yake, bila mama wala mjomba, imuulize nani ameomba hili jambo. Anaweza kueleza kwa maneno yake tumbo litafanywa nini? Akiwa na huzuni anakula vipi? Anavuta, anakunywa? Dawa ya presha aliyoandikiwa anaimeza au imelala kwenye droo? Mimi ningeanza na hilo la mwisho. Asiyemeza kidonge kimoja mpaka afokewe hatameza vitamini maisha yake yote, na baada ya upasuaji huu vitamini ni za maisha yote: B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D. Akiziacha, damu inapungua, mifupa inalainika, ganzi inaingia miguuni, na haya yanakuja taratibu wakati kila mtu ameshasahau kwamba alipasuliwa.

Halafu ulizeni ni operesheni ipi. Ya kwanza inaondoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi, linabaki bomba jembamba. Ya pili, baipasi, inatengeneza kifuko kidogo cha kama mililita 30 na kukiunganisha na utumbo wa chini zaidi. Zote hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Kwenye vituo vyenye uzoefu kifo ni nadra, kama mmoja kwa elfu, ila kuvuja palipofungwa kupo na damu kuganda kupo.

Na jamani, miaka 21 ni mtu mzima kisheria. Sahihi ni yake, siyo ya shemeji.

Sato Mkavu

Mnaumiza vichwa bure. Huyo ni chipsi mayai na soda za hosteli. Mrudisheni kijijini Ukerewe ale ugali wa muhogo na dagaa, alime, apandishe mawe ya Bwiru kila asubuhi. Bibi zetu nani aliwakata matumbo?

Zamu ya Usiku

Sato, hata kabla ya upasuaji ataambiwa ale vizuri na atembee, hilo hatubishani. Ila mtu wa kilo 127 ukimpandisha Bwiru mbio unamharibu magoti. Na mwili ukishazoea uzito huo unaulinda: ukipunguza chakula, njaa inaongezeka na mwili unabana matumizi. Upasuaji unasaidia kwa sababu unagusa hata homoni za njaa, siyo ukubwa wa tumbo peke yake. Unene ungekuwa uvivu, wadi ya uzazi isingekuwa na wamama wa kilo 110 wanaobeba mizigo Mwaloni alfajiri mpaka jioni.

Sato Mkavu

Sawa sista, nimekaa kimya. Kwa muda.

Dada wa Igoma

Mimi nilifanya, ile ya bomba, nikiwa na umri karibu na wa huyo binti. Sijutii hata kidogo. Lakini maneno ya kliniki hayakuambii utaishi vipi mtaani, kwa hiyo niandike hayo.

Wiki za mwanzo ni vinywaji: uji mwepesi uliochujwa, supu ya sato bila mnofu, maziwa. Unanywa kijiko kijiko. Baadaye vya kupondaponda, halafu chakula cha kawaida kidogo sana, na unaanza na protini, yaani samaki, yai, dagaa; ugali unakuja mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo. Hunywi maji ukiwa unakula, unasubiri kama nusu saa. Ukila haraka, chakula kinarudi hapo hapo. Sasa fikiria uko msibani au kwenye harusi ya binamu, mama mkubwa kakupakulia sinia. Unakula vijiko vitatu. "Umekataa chakula changu?" Huyo binti aliyeshindwa kusema neno kwenye kikao, atamjibu nini mama mkubwa?

Nywele zilinyonyoka mwezi wa tatu hivi, zikarudi baadaye. Ngozi ya mikono na tumbo ikabaki inaning'inia, na hakuna mafuta ya kupaka yatakayoirudisha.

Kisha kuna hili ambalo sijaona likiandikwa popote. Hapa kwetu ukikonda haraka watu hawasemi "hongera". Wanakutafutia ugonjwa. Mimi mpangaji mwenzangu alihamisha vikombe vyake jikoni. Dukani wakaanza kuniita kwa upole wa ajabu. Binti wa chuo, hosteli, wenye simu na magrupu yao, ajiandae kwa hilo kabla ya kisu. Aamue mapema nani ataambiwa ukweli na nani ataachwa aseme anachotaka.

Jambo la safari pia: Dar mpaka Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Asipakiwe kwenye basi siku chache baada ya operesheni. Kukaa kwenye kiti muda wote huo damu inaweza kuganda miguuni, na kuvuja kukitokea akiwa katikati ya Singida mtafanya nini? Abaki karibu na hospitali mpaka daktari wake amruhusu. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayopanda mpaka bega: arudi usiku huo huo, asisubiri asubuhi. Kutapika kusikokoma nako siyo kwa kuvumilia, maana vitamini B1 ikiisha mishipa ya fahamu inaumia.

Dirisha la Dawa

Nizungumzie sindano, niko upande wa famasi.

Nimelinganisha kwa kilo za binti mwenyewe, kwa wastani wa tafiti. Puto kwa miezi sita hupunguza kama asilimia 10, kwake ni kilo 13 hivi. Semaglutaidi, ndiyo dawa ya sindano za kila wiki, kwa kipimo cha juu, asilimia 15 kwa wiki 68, kama kilo 19. Kukata tumbo ni kwenye asilimia 25, kama kilo 32. Huu ni wastani, kuna wanaozidi na wanaobaki nyuma sana.

Lakini angalia mlango wa kutokea. Puto likitolewa, wengi uzito unarudi kama tabia ya kula haikubadilika. Sindano ukiacha, utafiti ulionyesha watu walirudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo sindano nayo ni ahadi ndefu, na bei yake kwa mwanafunzi wa bumu, yaani mkopo wa chuo, mnaijua. Kalamu ambayo haijafunguliwa inatakiwa friji, nyuzi 2 hadi 8. Umeme wa hosteli mnaujua pia. Na msinunue kwa watu wa Instagram. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia, ambayo ni jina la biashara la semaglutaidi.

Faida ya sindano ni moja kubwa: ikimkataa, anaacha. Kwa mtu ambaye hamjui kama yuko tayari, hilo lina uzito.

Mama Nansio

Samahani wanangu, mimi nauliza la wazazi. Huyo mtoto atazaa?

Zamu ya Usiku

Shikamoo mama. Atazaa, na wengi hushika mimba kwa urahisi kuliko kabla, kwa sababu kilo zikishuka hedhi inajipanga. Hapo ndipo penye mtego. Anatakiwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie na damu ijae. Na baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea, bora kijiti au kitanzi. Mazungumzo haya inabidi yafanyike kabla, na mara nyingi hayafanyiki kwa sababu mama yake yupo chumbani. Kwa wanaotumia sindano pia, semaglutaidi huachwa miezi miwili kabla ya kutafuta mimba.

Mama Nansio

Marahaba. Wabeja sana mwanangu, nimeelewa.

Mjomba wa Kirumba

Nimerudi. Nilikwenda Malimbe nikamtoa binti tukakae sehemu yenye utulivu, sisi wawili. Nikamwambia sijaja na hela wala na baba yake.

Anautaka upasuaji. Amesoma kuliko sisi wote, alinieleza tofauti ya bomba na baipasi bila karatasi. Dawa ya presha anameza kila siku, alinionyesha. Lakini hautaki mwezi huu wa likizo, kwa sababu akirudi ana mafunzo kwa vitendo na hajui atakula wapi. Kisha akanambia jambo ambalo hata mama yake halijui: usiku wenzake wakilala anakula mpaka anaumwa, anaficha mifuko chini ya kitanda, halafu analia. Imeanza tangu sekondari. Na akauliza bumu likiisha nani atanunua vitamini. Hilo kwenye kikao hakuna aliyeliuliza.

Sasa najiuliza: hiyo ya usiku inamfungia njia?

Zamu ya Usiku

Haimfungii. Ila lazima timu iijue na itibiwe, kwa mtu wa afya ya akili, kabla na baada. Isiposhughulikiwa, wengine baada ya kukatwa wanahamia kwenye vitu vinavyopita bila kujaza, soda, aiskrimu, chokoleti, na wachache wanahamia kwenye pombe, ambayo baada ya hapo inapanda kichwani haraka zaidi. Kuisema kwa mdomo wake ni hatua. Mwache aiseme mwenyewe kliniki, usimtangulie.

Dada wa Igoma

Naunga mkono sista, lakini msigeuze hili kuwa kusubiri miaka. Kusubiri nako kuna gharama. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2019 uliowafuata kwa miaka mitano waliofanyiwa baipasi. Waliofanya ujanani wakiwa na kisukari, asilimia 86 kilitulia. Waliosubiri hadi utu uzima, asilimia 53. Ni kweli hao vijana walipungukiwa zaidi na chuma na walirudishwa zaidi mezani kwa operesheni nyingine, hilo nalo lisemwe. Binti sukari yake bado haijavuka. Mkimkalisha miaka mitano "akomae", inaweza kuvuka.

Dirisha la Dawa

Nakubali. Kama ni mimi: miezi sita hadi kumi na miwili, yenye kazi ndani yake. Mwanasaikolojia, mtaalamu wa lishe, kipimo cha usingizi, damu kamili, sindano kama daktari ataona inafaa. Vipimo vya damu vinawezekana hapa hapa Mwanza, Bugando au Sekou Toure, siyo lazima kila mara apande basi. Na mwenye bima aulize mapema kipi kinalipwa, apewe jibu kwa maandishi.

Sato Mkavu

Mimi niliyekuwa kimya naomba swali moja. Hiyo hela ya mjomba, si iwekwe kwa ajili ya hizo vitamini na nauli za kliniki? Maana ukoo wetu huu tunaujua: siku ya operesheni wote wanapiga picha, mwaka wa pili yuko mwenyewe.

Mjomba wa Kirumba

Sato, hapo umeniondolea mzigo. Jumapili naenda kwa dada na pendekezo hili: likizo hii binti aende Mloganzila kwa tathmini tu, akutane na timu peke yake, tarehe ya kupasuliwa apange yeye na wao. Nusu yangu inaingia akaunti ya jina lake na haiguswi mpaka hapo, na ikibaki ndiyo ya vitamini na vipimo. Ya usiku sitaigusa, ni yake. Shemeji atapiga kelele, haina shida. Nikipigwa na kiti nitaleta mrejesho.