Mrejesho: maktaba ya chuo iliyokuwa haina watu

Jamani, nilikuja hapa jukwaani mwezi wa tatu kuomba ushauri, nikilia kwamba maktaba ya chuo chetu hapa Mombasa tumebaki mimi, paka na feni. Ahsanteni sana mlionijibu.

Lililofaa kuliko yote ni la yule dada aliyesema niache mabango, niwafuate wanafunzi darasani. Niliwaomba walimu dakika kumi tu kabla ya kipindi, nikaonyesha namba za Dewey (mfumo wa kupanga vitabu kwa mada) zilizo mgongoni mwa vitabu: fasihi ya Kiswahili 896.392, upishi 641.5. Kumbe wengine walidhani ni bei! Wanafunzi wa mambo ya hoteli sasa wanakuja wenyewe, na mitihani ya miaka iliyopita niliyoiweka karibu na mlango imeshachakaa kwa kushikwa.

Kundi la WhatsApp halikufaa kitu, liligeuka soko la viatu na mabuibui. Kufungua hadi saa mbili usiku nako kulikwama: wanaovuka feri kwenda Likoni hawakai, wala siwalaumu. Sasa tunafungua saa moja asubuhi, afadhali.

Jumamosi bado ni kimya. Paka yupo.