Mnaoandika habari mtandaoni, hiyo herufi H mtaichezea mpaka lini?

Wakuu habari za jioni, leo nimekasirika kwelikweli. Mimi ni mhariri kwenye chombo kimoja kidogo cha habari za mtandaoni hapa Dodoma, kazi yangu ni kupokea stori za vijana wanaotoka bungeni, Mtumba, na huko Bahi na Chamwino, nazinyoosha ndo zinapanda. Sasa siku hizi hazisubiri kunyooshwa, bosi anataka tuwe wa kwanza kuposti, mtu yuko bado kwenye tukio anarusha moja kwa moja kutoka kwenye simu yake, mimi mhariri naisoma pamoja na nyie.

Juzi imerushwa moja ya wakulima wa zabibu. Kiongozi kasema vizuri kabisa mkulima atalipwa mwezi huu. Dogo kaandika "mkulima hatalipwa mwezi huu". Simu zikaanza kuingia kutoka Mpunguzi, kutoka Hombolo, wazee wa watu wanauliza kulikoni, mtu ana ada ya mtoto inamsubiri, anadaiwa dawa za kupulizia, halafu anasoma hatalipwa! Tumerekebisha lakini wapi, watu walishaiskrinishoti, inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka leo. Namwambia dogo ona ulichofanya, ananijibu "bro mbona inaeleweka tu".

Inaeleweka na nani?? Hiyo h ndo imebeba "hapana" yote, ukiichomeka pasipo pake umeshakanusha. Atakuja, hatakuja. Atafungwa, hatafungwa, na hapo unaongelea mtu ambaye mama yake yuko nyumbani anasubiri kusikia mahakama imesemaje.

Na sio h peke yake. Alafu, uyu, hakasema, wapiga kula, magari zimegongana, maji zimekatika, swala la barabara wakati ni suala. Chang'ombe yetu hii hapa, mtu kazaliwa hapohapo anaandika Chan'gombe. Halafu kuna hii ya "mkuu wa wilaya ameweza kuzungumza na wananchi", aliyewaambia ameweza ndo uandishi ni nani, si useme amezungumza umalize.

Msinijie na habari ya lugha mama. Kwenye kuongea sina ugomvi na mtu, kila mmoja ana lafudhi ya kwao na hakuna ubaya. Lakini kuandika una nafasi ya kurudia kusoma kabla hujabonyeza, dakika moja tu inatosha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vijana haohao barua ya Kiingereza ya kuomba kazi wataizungusha kwa kila anayejua wakaguliwe, nukta iko wapi, herufi kubwa iko wapi. Kiswahili walichosomea miaka 7 shule ya msingi hawakirudii hata mara moja. Yani wanaona hakistahili. Mwaka 2021 UNESCO wamekipa siku yake, 7 Julai, mwaka 2022 Umoja wa Afrika wakakifanya lugha yao ya kazi, sasa hao wageni wanaojifunza wakifungua kurasa za habari za Tanzania wanajifunza "maji zimekatika". BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wapo tangu 1967, kamusi zipo, hizo simu mnazopostia mnaweza kutafutia neno humohumo.

Ila lawama kubwa naiweka kwa nyie wenye hivi vyombo. Mnanunua kamera, mnanunua droni, mhariri mmoja mnamwachia kurasa zote na zamu zote, tena mnamkwepa eti anachelewesha. Dogo anasahihishwaje kama stori yake haipiti kwa mtu?

Wahariri wenzangu mliomo humu, kama kuna aliyefanikiwa kumkubalisha bosi wake kwamba stori haipandi mpaka mhariri aisome, aniambie alimwendea vipi. Jumatatu tuna kikao na safari hii sinyamazi.