Naomba ushauri: kisiwa kidogo, watalii wengi, tuanze na lipi?

Habari zenu wakuu. Nipo kwenye kamati ya wanakijiji inayoandaa mapendekezo ya kudhibiti utalii kisiwani, na tumegawanyika vibaya.

Wapo wanaotaka kikomo cha idadi, kama Lord Howe ya Australia, isiyopokea watalii zaidi ya 400 kwa wakati mmoja. Wengine wanasema tupandishe kiingilio tu, mbona Galápagos, visiwa vya Ecuador, walitoka dola 100 hadi 200 mwaka 2024? Kiingilio mimi sikiamini sana. Anayeweza kulipa zaidi ndiye anayetaka bwawa la kuogelea chumbani.

Na maji ndiyo yanayoninyima usingizi. Kwenye visiwa vingi vidogo maji baridi ya ardhini yameelea juu ya maji ya chumvi. Hoteli zikivuta kupita kiasi, chumvi inapanda na visima vya wenyeji vinaharibika. Maji taka nayo yakifika baharini, mwani unanawiri na kuyasonga matumbawe. Boracay ya Ufilipino ilifungwa miezi 6 mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa hayo maji taka. Thailand walifunga ufukwe wa Maya Bay mwaka huohuo hadi 2022, na papa wakarudi.

Sawa, papa wamerudi. Mwenye boti na mpishi wanakula nini muda wote huo? Kama kuna mwenye uzoefu wa kufunga eneo kwa zamu bila kuua vipato, naomba anieleze mlivyopanga. Pia, kikomo kiwekwe kwenye idadi ya wageni au kwenye vitanda vya hoteli?