Naomba ushauri: mkono wa poka unaosubiri karata nauthaminishaje?

Wakuu habarini. Niko Mbeya, huku Uyole. Baridi ikikaza jioni tunacheza poka ya Texas (kila mtu karata mbili mkononi, tano za wote zinafunuliwa mezani), dau punje za maharage (yapo ya kumwaga, hela hatuweki).

Kinachonitatiza ni mkono ambao haujakamilika. Mfano nina 9 na 8 za kopa, karata tatu za kwanza mezani zina kopa mbili, nasubiri moja zifike tano. Zimebaki kopa 9 kati ya karata 47 nisizoziona: uwezekano wa kopa kwenye karata inayofuata ni kama asilimia 19, kwenye zote mbili zilizobaki asilimia 35. Mezani kuna punje 60, jamaa anaongeza 30. Nalipa 30 nipate 90, yaani nahitaji uwezekano wa asilimia 25 (30 kati ya 120) nisipate hasara.

Sasa nishike ipi? Ile 35 naiona ya kujidanganya, labda kama mmoja wetu kashaweka zote, maana karata ya nne ikitoka patupu jamaa ananibana tena. Nikishika 19, hesabu inasema nikipata kopa lazima nimkamue punje kama 37 zaidi ndipo nisawazishe. Na hapo ndipo penye kazi: kopa ya tatu ikilala mezani, huku kwetu kila mtu anatupa karata!

Halafu kuna mwenye kopa kubwa kuliko zangu. Na kopa inayokuja kuleta pea mezani, mwingine akapata fulu hausi (tatu za namba moja na pea), inayopiga kopa zangu tano. Hizo mnazipunguza vipi? Mnahesabu kopa 9 kama 7, au mna njia nyingine? Mnaocheza muda mrefu naombeni mnisaidie. Ndaga fijo.