Kompyuta mpakato ya mwanafunzi wa uhasibu: mpya ya bei nafuu au iliyotumika?

Mama wa Korogwe

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Binti yangu amechaguliwa kusoma shahada ya uhasibu Mzumbe, nami nimejibana hadi nikapata shilingi 800,000 za kumnunulia kompyuta mpakato. Nilipopita Kariakoo nilionyeshwa tatu za bei zinazokaribiana, na nimetoka huko nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Ya kwanza ni mpya ndani ya boksi lake, ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na hifadhi ya aina ya eMMC ya GB 64. Ya pili ni ThinkPad T480 iliyotumika Ulaya, yenye prosesa ya Core i5-8350U, RAM ya GB 8 na hifadhi ya aina ya SSD ya GB 256. Ya tatu nayo imetumika, na muuzaji aliisifia mno kwa kuwa ni Core i7. Nilipomwomba anifungulie maelezo yake niliona imeandikwa i7-4600U.

Moyo wangu unaelekea kwenye ile mpya, kwa sababu naogopa kununua ugonjwa wa mtu mwingine, lakini kijana mmoja pale dukani alininong'oneza kwamba nisiichukue. Naombeni mwongozo wenu, mkikumbuka kwamba itabidi aitumie miaka yote mitatu, kwani sina uwezo wa kununua nyingine katikati.

Fundi wa Makoroboi

Kijana huyo alikutakia mema, mama. Tuanze na hiyo i7, kwa sababu ndiyo inayowanasa wazazi wengi. Maneno i3, i5 na i7 peke yake hayakuambii kitu mpaka usome namba inayofuata baada ya kistari: 4600U inaanza na 4, maana yake ni kizazi cha nne, na 8350U ni kizazi cha nane. Intel ilipotoa kizazi cha nane cha prosesa za kompyuta mpakato nyembamba mwaka 2017, iliongeza viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) kutoka viwili hadi vinne, hivyo i5 uliyoonyeshwa ina viini vinne ilhali i7 ya muuzaji wako ina viwili tu. Sifa alizokumwagia ni za jina lililobandikwa kwenye kava.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi kompyuta za kizazi cha nane na kuendelea, ukiondoa chache sana za kizazi cha saba. Wapo mafundi watakaokuambia wanaweza kuilazimisha iingie kwenye mashine ya zamani, na ni kweli inawezekana, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea masasisho. Mwanafunzi anayeanza mwaka wa kwanza leo hafai kubebeshwa wasiwasi huo.

Sasa hiyo mpya. Windows 11 yenyewe inadai hifadhi isiyopungua GB 64 na RAM isiyopungua GB 4, kwa hiyo mashine hiyo inaanza maisha ikiwa imesimama kwenye mstari wa chini kabisa. Binti akishaweka Excel, picha chache na mihadhara aliyopakua, sasisho kubwa la kwanza litamwambia nafasi haitoshi. Katika mashine nyingi za daraja hilo RAM na eMMC vimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na hapo fundi hana la kufanya hata ukimlipa. T480 ina nafasi mbili za RAM na SSD inayotoka, kwa hiyo akifika mwaka wa tatu na kutakiwa kuchambua data za utafiti wake kwa programu ya takwimu ya SPSS, mnaweza kuiongeza kwa gharama ndogo.

Ningechukua T480 bila kusita.

Mkaguzi wa Hesabu

Ninakubaliana na Fundi kuhusu namba, ila naona amezungumza kana kwamba kila T480 iliyoko sokoni ni nzima. Hizi ni kompyuta zilizokuwa mali ya makampuni na ofisi za nje, na baadhi huja zikiwa bado zimesajiliwa kwa mwenye mali wa kwanza. Unaitumia vizuri kwa miezi kadhaa, siku unayoifuta upya na kuiunganisha na intaneti inakutaka uingie kwa akaunti ya kampuni usiyoijua. Niliwahi kuliona hilo kwa mtumishi mwenzangu, na aliyemuuzia alikwisha kuhama duka. Kwa hiyo, mama, mwombe muuzaji aifute upya mbele yako na aiwashe kwa intaneti ya simu yako kabla hujatoa fedha. Mwombe pia aingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows; ikidai nenosiri asilolijua, aga kwa heshima uondoke.

Betri nayo ipimwe, usiikubali kwa kuambiwa. Katika kidirisha cha amri cha Windows andikeni powercfg /batteryreport. Itatengenezwa ripoti yenye ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo inaoweza kubeba sasa. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, hivyo someni mistari ya zote mbili. Ikiwa ya nyuma imechoka, si sababu ya kuikataa mashine, kwa maana hutolewa kwa mkono na kubadilishwa, ila ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Kagua kibodi herufi moja baada ya nyingine, na utazame mpangilio wake: zilizotoka Ujerumani zina Y na Z zilizobadilishana nafasi, na zilizotoka Ufaransa zinaanza na A mahali pa Q. Zilizotoka Uingereza hazina tatizo, na hata chaja zake zina pini tatu zinazoingia kwenye soketi zetu. Mwisho, dai risiti ya EFD na uandikishe humo namba ya mashine na muda wa dhamana, hata ikiwa ni mwezi mmoja.

Mama wa Korogwe

Nawashukuru sana. Nimempigia muuzaji wa T480, amekubali kuifuta mbele yangu, na amepunguza hadi 720,000. Anasema pia atamwekea binti Office bure. Je, hiyo 80,000 inayobaki niongeze RAM sasa hivi?

Mwaka wa Pili, Mzumbe

Shikamoo mama. Hongera kwa binti, tunamsubiri.

RAM ya GB 8 inatosha kwa mwaka wa kwanza, kwa kuwa kazi zetu nyingi ni Excel, Word na kusoma PDF, usiiguse kwanza. Ningekuomba uwe mwangalifu na hiyo Office ya bure. Mara nyingi huwa ni iliyovunjwa kufuli, na programu inayotumika kuivunja humlazimisha fundi kuzima ulinzi wa Windows, kisha akasahau au akaacha makusudi kuurudisha. Wanafunzi tunapeana kazi kwa flashi, kwa hiyo mashine isiyo na ulinzi huambukizwa mapema sana, na faili hugeuka njia za mkato zisizofunguka. Binti akifika aulize kama anwani ya barua pepe ya chuo inamruhusu kutumia Office ya mtandaoni bila malipo. Wakati akisubiri, LibreOffice hufungua faili za Excel na haihitaji kuvunjwa, ingawa majedwali yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe) huweza kumsumbua.

Hiyo 80,000 nunua diski ya nje au flashi nzuri kwa ajili ya nakala za kazi zake tu, isiyoingizwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na kinachobaki kiwe akiba ya betri ya nyuma. Umeme ukikatika jioni ya kuwasilisha kazi, betri hiyo ya nyuma huweza kubadilishwa bila kuzima kompyuta, mradi ile ya ndani bado ina chaji.